Wifi Alivyomfunga Asiye na Hatia

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kimepangwa hivi: cherehani iko dirishani, panapoingia mwanga, na televisheni imetundikwa ukutani nyuma ya mgongo wake. Wanaoitazama ni wateja wanaosubiri kupimwa. Yeye huisikiliza tu. Fundi akigeuza shingo kila bastola inapolia, ataishia kushona kidole.

Kipindi alichokipenda kuliko vyote ni kile cha upelelezi, Zamu ya Inspekta. Inspekta mwenyewe alimjua kwa hatua zake, kwa kikohozi chake, kwa namna anavyovuta kiti kabla ya kumhoji mtu. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, majirani walikuja kesho yake kusimuliwa kana kwamba kwake umeme haukatiki. Aliyoyasikia aliyasimulia, na ambayo hakuyasikia aliyajazia. Kaka alilalamika kwamba kuna wanawake wanaleta magauni yasiyo na kasoro ili wapate kukaa wasikilize. Nikamwambia ashukuru, kwa sababu hata gauni lisilo na kasoro hulipiwa likiguswa.

Mimi nauza vitabu. Nilianza na turubai chini, leo nina duka lenye mlango na kufuli, na nachapisha vitabu vichache ambavyo nina uhakika vitatoka. Sina mapenzi na karatasi. Nina mapenzi na kinachotoka. Sasa, watu walikuwa wanaingia dukani kuuliza kama kuna riwaya za Inspekta, nami nawajibu hakuna. Mteja mmoja akitoka mikono mitupu, hiyo ni bahati mbaya. Wakitoka hivyo kila siku, basi mwenye duka amelala.

Nikamfuata wifi. Nilimwomba aandike kisa kimoja tu, kile cha mwenye hoteli aliyekutwa amekufa kwenye chumba cha kufulia, aandike vilevile anavyowasimulia wateja. Alicheka mpaka ikabidi ateme pini alizokuwa amezibana mdomoni. Akasema maandishi yake yote tangu aache shule ni vipimo vya viuno na mabega. Nikamwacha acheke, nikamwachia karatasi, nikaondoka. Baada ya muda kaka akanipigia simu kushtaki kwamba siku hizi anakula wali ulioungua na mkewe hata hausikii ukinukia. Nikajua kazi imeanza.

Mswada alioniletea niliusoma nikiwa kaunta, na mteja akanigongea meza mara mbili kabla sijainua kichwa. Kwangu kipimo ni hicho, sina kingine.

Lakini Inspekta ni mali ya kituo cha televisheni. Wapo ambao wangechapa kimyakimya na kuuzia uchochoroni. Mimi kukimbizana na mawakili naona ni hasara. Nikaupeleka mswada kwa afisa wa kituo anayeshughulikia hakimiliki, bwana mmoja mpole, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Akaahidi kuusoma. Tangu siku hiyo wifi hakushonea mtu mkono ukakaa sawa. Akaniambia, bila kuniangalia, "Wifi, nimeonja. Hawa wakikataa, mimi siandiki tena. Nitarudi kwenye pindo zangu na usiniletee karatasi nyingine."

Tulipoitwa, nilimwonya njiani kwamba maneno aniachie mimi. Afisa alitukaribisha vizuri, akasifu uandishi, akasema hata mkewe nyumbani alimnyang'anya kurasa. Halafu akavaa miwani.

"Tatizo ni moja, mama. Aliyeua siye huyu."

Kwenye kitabu cha wifi muuaji ni mhasibu wa hoteli. Kwenye televisheni, akasema afisa, ni dada wa marehemu. Wifi akabisha. Alikifuata kipindi kile mpaka mwisho, na mhasibu alipigwa pingu, alimsikia kwa masikio yake akipelekwa. Afisa hakubishana. Akageuza kompyuta yake, akatuonyesha tukio la mwisho.

Hakuna anayesema neno. Kuna muziki tu. Inspekta anainua shuka, anaokota kishikizo, anamtazama dada wa marehemu, na yule mama ananyoosha mikono afungwe. Pingu zinalia. Mhasibu anageuka, anajiendea zake, viatu vyake vikigonga sakafu mpaka mlangoni. Wifi alisikia pingu, akasikia viatu vya mhasibu vikitoka, akahukumu.

Alitazama mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Kumbe nimemfunga mtoto wa watu."

Afisa akataka kujua imekuwaje mtu asione tukio ambalo nchi nzima ililizungumzia. Wifi akamweleza dirisha lilipo na televisheni ilipo, na kwamba siku ile hapakuwa na mteja wa kutazama, na waliokuja kusimuliwa hawakukiona. Yule bwana akamwuliza kama ni vipindi vyote kasikiliza hivyo, na wifi akamjibu kwamba nguo za wateja hazijishoni.

Hapo nikaingia. Nikamwambia afisa kosa lenyewe ni biashara: aliyetazama kipindi anamjua muuaji, sasa kitabu anunue cha nini? Hiki chetu kitamshtua. Hakuambilika. Watazamaji watapiga simu kulalamika, akasema, na simu hizo yeye ndiye anayezipokea. Nikaona upande huo ni ukuta, nikauacha. Nikakubali mwisho ubadilishwe, ila ule wa kwanza ubaki wetu. Akasema tuuchukue tu, yeye aufanyie nini.

Nilidhani tumemaliza. Wifi, niliyemwambia anyamaze, akatia neno.

"Ushahidi wa kumfunga mhasibu nimeshaupanga wote, na unasimama. Nikiutoa hapa nikautungia kisa kipya, ambacho ninyi hamjawahi kukionyesha, Inspekta nitakuwa naye au mtaninyima?"

Afisa akavua miwani. Akakiri kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Kipindi hupumzika miezi mingi, na kikirudi inabidi watangaze upya kwa sababu watu wamekwishamsahau Inspekta. Vitabu vikitoka katikati, si vibaya. Akamwuliza wifi anaweza kutunga visa vingapi. Nikamkanyaga mguu chini ya meza asije akajirahisisha. Akauvuta mguu wake pembeni.

"Nimalize kwanza hiki. Ukikipenda, ndipo tuongee."

Nilijuta kumkanyaga. Thamani yake alikuwa anaijua vizuri kuliko mimi.

Ruhusa tukaipata: kitabu cha kwanza kikiwa na muuaji wa kituo, kisha kisa kipya kimoja cha kujaribia, na jina la wifi likae juu ya jalada. Kumwachia huru mhasibu kulimtesa kuliko kumfunga. Kila alipovuta uzi mmoja, sura nzima ilifumuka. Aliwafukuza wateja wa maongezi, akabakiza wenye nguo za kweli. Kitabu kilipochapwa hakikumtajirisha mtu, ila kilitoka, na walioshika cha kwanza wameanza kuuliza cha pili.

Juzi alipita dukani na begi lake, amechangamka kama anayekwenda harusini.

"Maiti nimeipata, wifi."

"Iko wapi?"

"Hapa kwako. Nyuma ya lile kabati la vitabu vya shule."

Nikamsihi aihamishie duka la pili, la yule jirani anayeniharibia bei. Akasema kwa jirani kuna mwanga mno, hakuna mahali pa kuua mtu kwa nafasi. Basi, nikasema, angalau alitaje duka langu kwa jina, watu waje kupaona. Akalipima kabati kwa macho, akavuta kiti, akaniuliza nikitajwa nitampa nini.