Mkate wa Garifalia Hauivi kwa Dakika Ishirini

Saa mbili asubuhi, Garifalia Zafiropulu amesimama katikati ya mlango wa chumba chake cha tanuri, mikono imejaa unga hadi viwikoni kwa kukanda tangu saa kumi alfajiri, na hapishi mtu. Mbele yake limeegeshwa gari dogo la kampuni ya matembezi. Ndani yake kuna mikate ya kiwandani, kila mmoja umefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Mama, nipishe nishushe. Meli imeshatia nanga," anasema dereva.

"Kashushe kwenu! Hapa leo hapashwi moto kitu."

Dereva anacheka, akidhani ni utani. Anapoutazama uso wa mama huyo vizuri, anafunga mlango wa gari taratibu na kutoa simu.

Garifalia, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, ni mwokaji wa kijiji cha Palioskala, kusini mwa Ugiriki, robo saa kwa miguu kutoka kwenye nguzo zilizoanguka za hekalu la kale. Siku za meli, wageni huzungushwa kwanza kwenye magofu hayo, halafu huletwa kwake kuonja kile ambacho tangazo linakiita mkate wa bibi. Kila mgeni hulipa euro tisini na tano. Bibi mwenyewe hupata tatu.

"Hizo tatu wala sizililii," anasema, akirudi kwenye donge lake na kulibamiza mezani. "Ninayoililia ni chachu yangu. Waliiua, na mimi nikawashikia kisu!"

Palioskala hawaumui mkate kwa hamira ya dukani. Kila unapokanda, unabakiza donge la kesho. Septemba kumi na nne, Sikukuu ya Msalaba, wanawake hurudi kutoka kanisani na kitawi cha mrehani uliobarikiwa, wakakilaza juu ya chachu ya zamani iliyoongezwa unga mpya, na mwaka unaanza upya. Usipokanda, donge linakufa. Garifalia alikabidhiwa chachu yake na mama mkwe, akaitunza miaka thelathini na minane.

Ndipo alipokuja Thrasivulos, mkuu wa matembezi ya kampuni hiyo, na saa yake mkononi. Mkate wa Garifalia huchukua saa tisa tangu kukandwa hadi kuiva. Wageni wana dakika ishirini. "Wewe pigapiga donge wapige picha," alimwambia. "Cha kula nitaleta mimi."

Naye akakubali. Hapo ndipo sauti yake inapopanda.

"Majira mawili ya joto, mwanangu! Wanakula plastiki, wananiambia hawajawahi kuonja mkate mtamu namna hii, na mimi natabasamu. Mdomo huuhuu!" Anajipiga mdomoni kwa kiganja, na unga unabaki kwenye kidevu.

Meli zikafika tano kwa wiki. Majirani wakaacha kununua kwake, naye akaacha kukanda mkate wa kweli. Asubuhi moja ya Julai alifunua chungu cha chachu akakuta donge la kijivu, gumu, linanuka uvundo. Siku tatu hakumwambia mtu. Siku ya nne akameza aibu yake, akaenda kubisha kwa jirani yake Panorea.

"Umefuata nini?" Panorea alimuuliza. "Si unayo ya kwenye mifuko?"

Alimwacha asimame mlangoni muda mrefu, halafu akatoka na bakuli la chachu.

"Hii si yangu. Mwaka ule mume wangu mgonjwa na chachu imenifia, nani alinipa? Si wewe, bibi wee? Haya, chukua yako. Ukiiua tena, usipite hata mbele ya nyumba hii."

Thrasivulos aliposikia habari za chungu na mrehani, alifurahi kupita kiasi. Sasa anataka ibada ya mrehani ifanywe kila siku ya meli, Garifalia avae kitambaa cheusi, apige ishara ya msalaba, wageni wachovye vidole kwenye chachu.

"Anataka nimwite Mungu mara tano kwa wiki, saa nne na dakika kumi!" anafoka Garifalia. "Ana wazimu yule?"

Saa nne basi linafika. Thrasivulos anashuka wa kwanza, jasho linamtoka.

"Garifalia, usiniaibishe mbele za watu."

"Nimejiaibisha mwenyewe miaka miwili, sikukuomba msaada. Waambie mkate unatoka saa saba. Anayetaka akae, viti vipo."

"Meli inaondoka saa saba!"

"Basi waambie hivyo."

Hakuwaambia hivyo. Aliwageukia wageni wake arobaini, akawaambia kwa lugha yao kwamba tanuri limeharibika. Ati limeharibika, na moto unanguruma nyuma ya mgongo wake! Mzee mmoja alinyoosha kiganja kwenye joto, akamtazama Thrasivulos, kisha akapanda basi pamoja na wenzake. Jioni hiyo kampuni ilipiga simu: mabasi hayatakuja tena.

Lakini saa saba mikate kumi na minane ilikuwa imetoka. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Panorea. Aligonga kitako cha mkate kwa vidole, akalalamika kwamba umeungua kidogo, akachukua miwili.

Garifalia anajua msimu wa baridi utakuwa mgumu bila mabasi. Amepanga kuuza vijiji viwili vya jirani kwa pikipiki ya marehemu mumewe, na Septemba kumi na nne ataingia kanisani mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu chachu imfie.

Kabla ya kukanda asubuhi alikuwa ametenga madonge mawili. Moja ni la kesho. La pili ameliweka kwenye bakuli la Panorea na kulifunika kwa kitambaa.

"Hili linarudi kwake," anasema. "Nikija kurogwa tena na mabasi, niwe na mlango wa kwenda kubisha."