Mguu Niliokataa Ukatwe

Ndugu zangu mlioketi hapa kanisani, mimi ni Zakaria, mpasua mbao. Nimesikia mkinong'ona kwamba niliangukiwa na mti. Sikuangukiwa na mti. Nitasema ilivyokuwa, na atakayechukia achukie.

Kabla ya kuumia nilikuwa mtu wa nguvu. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao juu ya Elburgon, kando ya mto mdogo unaoshuka kutoka msitu wa Mau. Mimi na rafiki yangu Kiprono tulivuta msumeno mmoja, yeye huku, mimi kule, na mti mnene ulikuwa chini kabla ya chai ya saa nne. Nilikaa kambini na mke wangu Rebeka na mtoto wetu Yona, katika nyumba ya mabanzi.

Msimamizi wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Kipara. Siku moja alileta mtumbwi mwembamba wa turubai iliyovutwa juu ya fito, umefunikwa juu, una matundu mawili tu ya kukalia. Aliuita kayaki. Alitaka kushuka nao kutoka daraja la juu mpaka kiwandani, ili awaonyeshe Wazungu wenzake.

Mto ule niliujua. Kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa kuondoa magogo yaliyouziba. Ni mwembamba, ungeweza kurusha kofia ikafika ng'ambo, lakini unashuka kama ngazi, mwamba baada ya mwamba. Na mvua ikinyesha kule juu Mau, huku chini jua linawaka na maji yanakujia bila hodi.

"Wewe kaa mbele," Kipara aliniambia. "Wewe najua mawe."

"Bwana, mto huu si wa kupanda chombo. Hata magogo yanavunjika humo."

"Wewe iko mwoga?"

"Ndiyo, Bwana. Naogopa."

Akacheka. Halafu akasema, bila kucheka, kwamba kambi yake haina nyumba ya mtu anayekataa amri. Nilimtazama Rebeka akianika nguo. Nikamfuata mpaka daraja la juu, nikaingia.

Mwanzoni maji yalikuwa ya magotini. Tuligonga mawe, tukateleza, tukashuka ngazi ya kwanza na ya pili. Kipara alipiga kelele za furaha nyuma yangu. Tulipopita ya tatu nikaona maji yamegeuka rangi, yamekuwa kama chai ya maziwa, na majani mabichi yanazunguka juu yake.

"Bwana, tutoke! Mvua imenyesha juu. Mto unajaa!"

"Hapana! Maji mingi iko mzuri. Kwenda!"

Kona iliyofuata, mwerezi ulikuwa umelala kutoka ukingo mpaka ukingo, maji yakipita chini yake kwa nguvu. Niliingiza kasia nigeuze, likanitoka mkononi. Tuliupiga ule mti kwa ubavu. Mtumbwi ukajikunja kama karatasi. Kipara aliruka juu ya gogo akatambaa hadi nchi kavu. Mguu wangu wa kushoto ulibaki ndani, umebanwa kati ya fito na gogo. Mfupa ulipovunjika sikuusikia kwa masikio. Niliusikia kwenye meno.

Maji yalikuwa kifuani. Yakapanda mpaka mabegani.

"Vuta mguu!" Kipara alipiga kelele pale ukingoni. "Vuta!"

"Nenda umlete Kiprono!" nikamwambia. Ndiyo mara ya kwanza mimi kumpa amri, na alikimbia.

Kiprono alipofika na wenzake, maji yalikuwa kidevuni, nimeinua uso juu kama kuku anayekunywa. Kipara akaagiza gogo likatwe. Kiprono hakumtazama hata kidogo. "Tukikata gogo litaondoka naye," akawaambia wenzake. Akanifunga kamba chini ya kwapa, akaifunga kwenye mti, akapiga mbizi na panga, akachana turubai. Wakavuta. Nilipiga ukelele ambao Rebeka anasema aliusikia kambini. Mfupa wa paja ulikuwa umetoboa ngozi juu ya goti.

Walinilaza kwenye lori la mbao tukashuka Nakuru. Njiani tukasimamishwa na askari. Siku hizo Mwafrika hakutembea bila pasi, karatasi ya ruhusa ya kusafiri.

"Pasi."

Yangu ilikuwa mfukoni, imelowa ikawa uji. "Basi ngojeni hapo," akasema. Kiprono hakubishana. Aliinua gunia lililofunika mguu wangu. Yule askari aligeuza uso akafungua njia.

Hospitalini waliunyoosha mfupa, wakanifunga plasta kutoka kiunoni mpaka vidoleni. Wiki ya pili nikaanza kunuka. Nilijua, nikanyamaza kwa aibu. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba ahamishwe, na mimi nikajifanya nimelala. Homa ikanitetemesha mpaka kitanda kikalia.

Dresa aliyeitwa Paulo, msafisha vidonda wa wodi ile, ndiye aliyeinama akanusa. "Zakaria, hii ni tangu lini?"

"Siku nne."

"Na umenyamaza?"

Daktari, naye Mzungu, alikata tundu kwenye plasta. Usaha ukamwagika ukalowesha shuka. Akasema kitu, Paulo akanitafsiria: kesho mguu unakatwa.

"Mwambie hapana."

"Anasema utakufa."

"Mwambie nimesikia."

Rebeka alikuwa amefika asubuhi hiyo na Yona mgongoni na mzigo kichwani. Kipara alikuwa amempa nyumba yetu mtu mwingine. Rebeka akasimama mbele ya daktari na mzigo wake. "Mpe siku tatu," akasema. "Akizidiwa, mimi mwenyewe nitamshika muukate mguu." Daktari alikasirika, lakini alikubali.

Paulo alinichoma sindano za penisilini mpaka makalio yakawa magumu kama ubao. Siku ya pili nikahisi kitu kinatembea ndani ya plasta. Walikuwa funza weupe. Nikapiga kelele watolewe. Daktari akachungulia, akatikisa kichwa. "Waache," akasema, Paulo akatafsiri. "Wanakula kilichooza tu." Niliwachukia wale wadudu kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Siku ya tatu homa ikashuka, na nyama ikawa nyekundu.

Kipara alikuja mara moja tu. Alileta karatasi iliyoandikwa kwamba niliomba mwenyewe kupanda ule mtumbwi.

"Weka dole hapa."

Nikaficha mkono chini ya blanketi. "Bwana, isome kwanza kwa sauti. Wodi yote isikie."

Aliikunja akaondoka, na hakuniuliza hali.

Nililala pale miezi mingi. Vipande vya mfupa vilitoka vyenyewe kwenye kidonda, vidogo kama punje za mchele. Nilijifunza kutembea upya, Rebeka akinishika mshipi kwa nyuma. Mguu ulipona ukiwa mfupi, Kiprono akanichongea soli ya mbao.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Kiprono, na Paulo, na Rebeka, yule mama aliyeketi pale na kitambaa cheupe. Nawe uliye na kidonda nyumbani, kikianza kunuka usione haya. Sema siku hiyo hiyo. Aibu yangu ilikaribia kuniua zaidi kuliko mto.

Mchungaji aliniomba nimalize kwa kusema nimemsamehe Kipara. Nimejaribu, ndugu zangu. Nimepiga magoti, na goti hili halikunjiki vizuri. Sijafika huko, na sitawadanganya mbele ya madhabahu. Nilipofika ni hapa, kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa leo nipokeeni hivyo.