Kiti cha Padre na Mbegu za Mama Dorina

Nakumbuka Jumatatu moja ya Pasaka, mwanangu, na kila mwaka hunirudia yenyewe bila kuitwa. Ilikuwa hapa hapa Uriri, katika boma hili ambamo ninyi vijana wa jumuiya ya kanisa mlifika Jumapili na unga na mafuta ya kupikia. Sijasahau kuwashukuru. Unga ni mzuri, na ile picha mliyonipiga nikiwa nimeukumbatia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, nasikia imeshafika kwa wanangu Nairobi. Lakini kabla hamjaondoka, wewe uliyevaa fulana ya kijani uliinama ukanishika mkono, ukaniita dani, yaani bibi, ukaniambia, "Dani, usistress. Saturday tunakuja wote, hiyo shamba tunapanda na tunamaliza siku moja. Wewe kazi yako ni kulala tu."

Nilitaka kukujibu papo hapo. Mlikuwa na haraka, kulikuwa na wagonjwa wengine wa kuwaona, na maneno yangu siku hizi hutoka polepole. Basi nakujibu sasa, na unisikilize hadi mwisho, maana hilo neno la kulala limeninyima usingizi.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilitoka Gwassi, kupita Magunga, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unaliona ziwa. Nilipoolewa huku nilikuta mahindi, miwa, na malori yanayopeleka miwa Awendo yakidondosha mabua njia nzima. Ziwa hakuna. Nililia mwaka wa kwanza wote. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa kijana mwema, lakini alikata miwa mbali na nyumbani na hakujua la kufanya na mwanamke anayelia. Aliyeninyamazisha ni mama yake, Mama Dorina.

Mama Dorina alikuwa mjane, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kwaya na mdomo usiokopesha mtu. Aliniita Nyar Gwassi, binti wa Gwassi. Jioni alinikalisha karibu na jiko lake na kuniambia, "Haya, nielezee hilo ziwa lenu." Nami nilimweleza mashua, dagaa waliotandazwa juani, watoto wanaooga. Alisikiliza kama mtu asiyejua lolote. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba alikuwa akienda Homa Bay kununua samaki tangu kabla sijazaliwa, na ziwa alilijua vizuri kunishinda. Alinipa tu nafasi ya kulitamka. Nina hamu na mama yule, mwanangu. Nimezeeka, nina wajukuu wenye ndevu, na bado kuna jioni ninageuza shingo kuelekea nyumba yake kama mtu aliyeitwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo pengine nyumbani kwenu liliachwa kabla hujazaliwa. Kwetu Wajaluo, mama wa boma ndiye anayetoa mbegu. Tunaita golo kodhi. Mvua ikinyesha, yeye ndiye wa kwanza kudondosha mahindi ardhini, katika shamba lake, halafu ndipo wake za wanawe wapande, kila mmoja kwa zamu yake. Zamu hiyo humtoka akifa tu. Mtu akimtangulia angali anapumua, amemhesabu miongoni mwa marehemu.

Kwaresima ya mwaka huo Mama Dorina aliteleza akitoka kisimani, akaumia nyonga. Hakuweza kusimama. Mvua nayo ilichelewa, ikaja wiki moja kabla ya Matawi kwa kishindo. Majirani wote walipanda. Tulipotoka kanisani Ijumaa Kuu, baada ya kuifuata Njia ya Msalaba katika matope, niliona mahindi ya jirani yameshachomoza, na mashamba yetu matatu, la mama, langu na la mke wa shemeji yangu, yako matupu. Ghalani kulibaki magunzi. Wanangu walikuwa wadogo, na mvua ya kuchelewa huwa pia haikai. Ukiikosa hiyo, msimu umekwisha.

Kila asubuhi nilimpelekea uji. Kila asubuhi aliniambia, "Kesho nitasimama." Nami nilimwamini kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Mume wangu alipomwambia kwamba wangeweza kumbeba hadi shambani, alimfukuza. "Nibebwe kama gunia, watu wakiona?" Alikuwa na fahari yake, na mimi sikumlaumu. Niliwaangalia tu watoto, nikaangalia mawingu.

Basi jumuiya ikakutana. Wakati huo hatukuwa na kikundi cha WhatsApp, jumuiya ilikutana kila wiki nyumba baada ya nyumba, na siri ya sufuria yako ilijulikana na wote. Wakaamua kwamba tendo lao la huruma Pasaka ile litakuwa kumpandia Mama Dorina shamba. Jumatatu asubuhi wakafika wakiimba aleluya, na majembe, na mbegu, na jozi ya ng'ombe wa kukokota plau. Vijana wa kwaya walikuwa mbele. Wakina mama walikuja na nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye sufuria kubwa zilizofungwa kwa leso. Hadi leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa, naona leso zile. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi hadi nikasahau kufunga kitambaa kichwani. Niliona chakula. Watu wengine wanaona malaika siku ya Pasaka, mimi niliona chakula.

Plau ilianza. Mimi nilikuwa ndani nikimwosha mama miguu kwa maji ya moto. Akainua kichwa.

"Nani hao nje?"

"Ni jumuiya, mama. Wamekuja kupanda."

"Wanapanda wapi?"

"Kwako, mama."

Hakunipigia kelele. Ningetamani angepiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kumbe nimeshazikwa, na hakuna aliyeniambia." Kisha akajivuta, na nyonga yake ile mbaya, akageukia ukuta.

Wapo watakaokuambia kwamba niliogopa laana. Hapana. Nilikuwa nimebatizwa, nilikuwa na njaa, na siku ile laana ingesubiri. Kilichonitoa mbio ni kule kumwona mgongo. Mwanamke aliyenipa nafasi ya kulitamka ziwa langu alikuwa amelala akitazama udongo wa ukuta, na nje watu walikuwa wakimwimbia aleluya.

Nilikimbia na mikono iliyolowa hadi shambani. Kiongozi wa vijana alikuwa tayari ameshika bakuli la mbegu, amechota ya kwanza.

"Usidondoshe!" nikamwambia. "Mama hajatoa mbegu."

"Shemeji, hiyo ni mambo ya zamani," akasema, wala hakuwa mtu mbaya. "Mama ni mgonjwa. Si tumekuja kumsaidia? Ama unataka watoto wako walale njaa juu ya mila?"

Wote walinitazama, na nilikuwa binti wa watu, mgeni kutoka Gwassi, nimesimama mbele ya wasamaria nikiwazuia. Nikaanza kulia. Wakati huo ndipo Katekista Barnaba alipofika na baiskeli yake. Alikuwa mzee mwembamba aliyetufundisha sote sala, na alikuwa amechelewa kwa sababu alipitia kwa wagonjwa wengine. Alilaza baiskeli nyasini, akauliza kuna nini. Nikamwambia alichosema mama, neno kwa neno.

Barnaba akavua kofia. Akawatazama vijana mmoja mmoja, akasema bila kupandisha sauti, "Jana tumeimba Bwana amefufuka hadi sauti zikakauka. Leo mmeamka asubuhi mkaja kuzika mtu ako hai. Yawa, nyithinda, jamani watoto wangu, hiyo Pasaka gani?"

Kijana akarudisha mbegu bakulini.

"Tumpeleke yeye," Barnaba akasema.

"Amekataa kubebwa," nikamwambia. "Anasema yeye si gunia."

"Basi hatabebwa kama gunia. Kile kiti kiko wapi?"

Kiti alichokisema ni kiti cha mbao chenye mikono kilichokaa kona ya nyumba ya mama. Mume wake alikichonga kwa ajili ya padre, siku Misa zilipokuwa zikisomwa nyumbani kwetu. Hakuna mwingine aliyekikalia. Watoto walichapwa wakikigusa. Mtu mmoja akanong'ona kwamba hicho ni cha Father.

"Father hapandi mahindi leo," Barnaba akamjibu.

Akaingia ndani peke yake. Sikusikia walichozungumza. Nilisikia tu sauti ya mama ikirudi kuwa sauti yake: "Nyar Gwassi! Niletee rinda ya kanisa. Na hiyo kitambaa nyeupe. Unataka niende shambani hivi?"

Nikamvisha huku nikicheka na kulia. Vijana wa kwaya, pamoja na yule aliyekuwa na bakuli, wakakiinua kile kiti na mama juu yake. Alikuwa mzito, nimekwambia, na walipofika kwenye matope walipepesuka, naye akawafokea, "Mniangushe muone!" Wakina mama wakapiga vigelegele. Wakaanza tena kuimba aleluya, lakini safari hii aliiongoza yeye. Wakamweka kwenye mfereji wa kwanza. Akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akadondosha mbegu, nikazifukia kwa mguu wangu. Akadondosha tena. Kisha akaegemea, akapangusa mikono kwenye rinda la kanisa, akawaambia, "Haya sasa. Si mlikuja kufanya kazi? Mbona mnaniangalia?"

Tulipanda la kwake. Tukapanda langu, na la mke wa shemeji yangu, na jua halijashuka tulikuwa tumekaa nyasini tunakula nyoyo, na mama yuko katikati kwenye kiti cha padre akilalamika kwamba maharagwe hayajaiva. Sijawahi kushiba vile tena. Nimekula nyama Krismasi, nimekula keki ya jubilei ya parokia, lakini kushiba kule hakujarudi.

Mahindi yale aliyavuna yeye mwenyewe, akitembea na fimbo. Na mengine baada ya hayo. Alipokuja kulala moja kwa moja, zamu ya kutoa mbegu ilinifikia mimi, mke wa mwanawe mkubwa, na mvua ya kwanza bila yeye nilisimama shambani na mbegu mkononi nikashindwa kuzidondosha hadi nilipomaliza kulia. Barnaba naye ametangulia. Nyumba ya mama iliporomoka, palibaki kichuguu chenye majani, ila kiti cha padre nilikuwa nimeshakihamishia kwangu. Wengi walioimba siku ile wako makaburini au wako mijini. Jumapili nikikaa kanisani huwa nawasikia mahali walipokuwa wakikaa.

Sasa angalia nilipo. Goti langu limenishinda, mvua imekuja, na shamba langu halijaguswa. Mke wa mwanangu mdogo yuko hapa nami, lake limeshalimwa, linangoja. Asubuhi ananiletea uji na hasemi kitu, ila akitoka huyaangalia mawingu. Nayajua macho hayo, niliwahi kuwa nayo. Wanangu wanapiga simu kutoka Nairobi wanasema, "Mama, wacha tu, tutalipa mtu apande." Nawe umesema nilale. Ninyi nyote mnanipenda, nalijua hilo. Lakini mkipanda nikiwa nimelala, mwanangu, nami nitageukia ukuta.

Shika neno hili ulipeleke popote jumuiya itakapokutuma. Ukienda kumsaidia mtu, usianze na ulichobeba. Kaa chini kwanza, umuulize ni kitu gani ambacho bado ni chake, na hicho usikifanye kwa niaba yake hata kama wewe ungekifanya haraka na vizuri zaidi. Kilichobaki chote, fanya kwa nguvu zako zote, maana hata Barnaba hakuwarudisha watu na majembe yao. Mgonjwa anahitaji unga. Anahitaji pia kujua kwamba bado hamjamhesabu upande ule mwingine. Na usiniambie ni mambo ya zamani. Yule kijana wa bakuli alisema hivyo, na kabla ya jioni bega lake lilikuwa limechubuka kwa kukibeba kile kiti, na alikionyesha kidonda hicho kwa watu wiki nzima kama medali.

Mungu awape miguu myepesi ya kuwafikia wagonjwa na subira ya kukaa nao mkishafika. Mvua iwanyeshee kwa wakati wake. Mzae, mle mlichopanda, na mkizeeka mpate vijana kama ninyi, tena wakorofi kidogo kuliko ninyi, wenye mabega. Na yule aliyetoka kaburini asubuhi ya Pasaka asiruhusu yeyote wenu azikwe kabla ya siku yake.

Jumamosi mkija, njooni na nyimbo. Rinda langu la kanisa nimeshalifua. Kiti kiko nyuma ya mlango.