Pishi Tatu za Vaya

Mimi na Vaya haturuhusiwi kukaa pamoja kanisani. Si amri ya askofu, ni amri ya padri wetu wa sasa, kijana ambaye ndevu zake bado zinajifikiria. Mwaka juzi, Sikukuu ya Msalaba, alikuwa katikati ya mahubiri. Akafika pale Bwana anaposema ufalme wa mbinguni ni kama mwanamke aliyechukua chachu akaificha ndani ya pishi tatu za unga, mpaka unga wote ukaumuka. Alipotamka tu "pishi tatu", nikasikia bega la Vaya linatetemeka, na mimi nikikaa karibu na bega linalotetemeka nimekwisha. Tulicheka mpaka meno yangu ya kubandika yakaruka yakatua kwenye sahani ya mishumaa, na wapo watu wazima wanaoapa kwamba hata pale kwenye sahani yalikuwa bado yanacheka. Tangu siku hiyo Vaya hukaa kushoto, mimi kulia, kama wezi waliotenganishwa.

Mimi kusoma sijui. Injili nimeipata kwa masikio, na kwa mikono. Nimewasikia mapadri watano wakieleza mstari huo. Mmoja alisema chachu ni imani, mwingine akasema ni Kanisa, na mmoja, maskini, alisema ni dhambi, akaja kuambiwa baadaye kwamba amechanganya mahubiri. Huenda wote wamesema kweli. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanda unga, na mimi huyo mwanamke namjua. Ngojeni niwaambie.

Vaya aliletwa hapa kijijini Lithari juu ya nyumbu, mwaka ule barabara ilipokuwa bado inabishana na mlima. Aliyemleta ni mumewe Lambros, mwenye nyumbu, mtu mpole ambaye hata nyumbu wake walimwonea. Kwao Vaya ni pwani, ambako mkate hununuliwa dukani kama kiberiti. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anacheka mahali pasipochekwa, na mikono yake ilikuwa baridi ajabu. Alipomkamua mbuzi wa kwanza, mbuzi akatoa jibini. Msibishe, jibini yenyewe niliionja.

Mama mkwe wake, Zambeta, hakucheka. Zambeta alikuwa mwanamke ambaye mbwa mwitu walipita mbali na ua wake kwa heshima. Shingoni alivaa ufunguo wa ghala la unga, umefungwa kwa uzi mweusi, na alipokwenda kuoga ufunguo ulioga naye. Katika milima yetu mwenye ufunguo huo ndiye mama wa nyumba. Asiye nao analisha mbuzi.

Sasa, Sikukuu ya Msalaba kwetu ndiyo mwaka mpya wa mkate. Chachu ya zamani yote inatupwa. Kanisani padri anagawa matawi ya mrihani uliolala chini ya Msalaba, na kila mama wa nyumba anakwenda nalo kwake, anakanda unga kidogo, kama wa bakuli, kwa maji ya vuguvugu bila chachu yoyote. Analaza mrihani juu, anafunika, anaacha. Msalaba unafanya uliobaki. Kesho yake kinyunga kimeumuka, na hicho ndicho chachu ya mwaka mzima. Kisipoumuka, unakwenda kuomba kwa jirani huku umeinamisha kichwa, na kijiji kinakusema mpaka Pasaka.

Mwaka huo Zambeta akatangaza kwamba chachu ya Msalaba itakandwa na bibi harusi, akamwachia ghala wazi. Vaya angeweza kuuliza unapima unga kiasi gani. Lakini kumwuliza Zambeta swali ilikuwa kama kumpa kisu umwambie akuchagulie mahali. Basi akaenda kanisani, akatega masikio. Na Padri Anestis, mzee wa wakati huo, siku hiyo kila mwaka alihubiri mstari uleule.

Nilikuwa na Zambeta aliporudi nyumbani kutoka kanisani. Tulimkuta Vaya amepiga magoti mbele ya beseni la mbao la harusi, lile linalobebwa na wanaume, amezama mpaka mabega, nywele zimekuwa nyeupe kwa unga. Pishi yetu si pishi ya dukani, jamani. Pishi ya Lithari ni ya mbao, ukiikalia miguu haifiki chini. Na alikuwa amemwaga tatu, unga mpya wa kuwafikisha Krismasi, na maji yalikwisha kuingia.

Zambeta akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Nani kakwambia pishi tatu?"

"Yesu, mama," akasema Vaya.

Mimi nikageukia ukuta nikauma kitambaa changu cha kichwa. Zambeta akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya, kwamba haya, amesikia. Kinyunga hicho kikiumuka, ufunguo ni wa Vaya. Kisipoumuka ni cha nguruwe, na Vaya atakuwa na mbuzi mpaka siku mama mkwe wake atakapokufa. "Na mimi," akaongeza, "kufa sina mpango."

Vaya akalaza kitawi chake cha mrihani juu ya mlima ule. Kilionekana kama unyoya juu ya mgongo wa ng'ombe. Akafunika kwa mablanketi yote ya mahari yake, akatumwa machungani. Alipopita uani kwangu alisimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona hacheki.

"Polixeni, kisipoumuka narudi kwetu," akaniambia. "Lambros nampenda. Lakini nitaishije kwenye nyumba ambayo hata unga wake umenikataa?"

Akaenda na mbuzi wake. Mimi nikabaki na uma wa nyasi mkononi, nikijiambia kwamba Msalaba unatosha. Kweli unatosha. Lakini pishi tatu!

Chachu ya zamani nilikuwa nayo. Kila mwanamke wa Lithari anatupa yake siku ya Msalaba, ila hatutupi yote. Nikachukua donge langu, nikaingia kwa Zambeta kupitia dirisha la kuku, nikafunua mablanketi, nikalizamisha mpaka kiwiko, nikakanda kidogo. Kabla sijafuta mikono nikasikia viatu mlangoni. Pembeni palikuwa na pipa la mvinyo lililooshwa kungoja mavuno, basi nikaruka ndani. Nilikuwa na kiuno wakati huo.

Kupitia tundu la bomba nikamwona Evanthia, mke wa padri, maana kwetu mapadri huoa, mwanamke ambaye akitembea huwezi kusikia hata sketi yake. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akafanya ishara ya msalaba, akachomoa kutoka kwenye aproni kitu kilichofungwa kwa jani la mzabibu. Akakizamisha na jani lake, kwa haraka, akaondoka. Sijavuta pumzi vizuri, mara Lambros huyu hapa, ananyata ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Mkononi alikuwa na donge la chachu kubwa kama kiatu, sijui aliliomba kijiji gani, lina manyoya ya nyumbu. Akalisukuma ndani kwa ngumi zote mbili, akilisemesha kama mnyama aliyekataa kuvuka mto.

Nilikaa ndani ya pipa lile mpaka nikalewa kwa harufu. Nikatoka, nikaenda kwangu nikiimba, na mume wangu hakuuliza kitu kwa sababu ilikuwa sikukuu.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na kuku. Nikafungua mlango nikatazama kwa jirani. Kinyunga kilikuwa kinatoka nje.

Kilikuwa kimebeba mablanketi yote ya mahari, na juu ya mablanketi paka wa Zambeta amekaa kama malkia anayekwenda kutawazwa. Kimesukuma mlango, kimeshuka ngazi, kimefika uani kikakunja kona kwa adabu kuelekea kanisani. Kuku waliokidonoa walivimba mpaka wakakosa kupita kwenye dirisha lao, na jogoo aliwika kwa sauti ya ng'ombe. Mkiona nimeongeza chumvi, kumbukeni kwamba ilikuwa chachu ya nyumba tatu na kiatu kimoja, juu ya unga ule, katika joto lile la Septemba.

Kijiji kizima kikaja. Zambeta alikuwa anakirudisha ndani kwa koleo la tanuri, na kila alichorudisha kilitokea dirishani. Vaya alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu, kinyunga kinampita pande zote mbili, analia na kucheka kwa pamoja. Padri Anestis akafika anakimbia, kanzu ameishika mkononi. Akatazama. Akapiga magoti mbele ya kile kitu, akasema huu ni muujiza, atatuma mtu kwa askofu leo hii, maana pishi tatu za Injili zimeumuka kwa mrihani mtupu, katika Lithari yetu.

Hapo wanawake wote wakatazama viatu vyao. Na padri, akiwa bado amepiga magoti, akaona karibu na pua yake kitu cha kijani. Akakivuta. Jani la mzabibu. Akakigeuza geuza, akakinusa, akasimama, akamtafuta mke wake kwa macho. Mama Padri alikuwa anatazama mawingu kana kwamba anayahesabu. Padri akavuta tena mahali pengine, akatoa manyoya ya nyumbu. Lambros akaanza kukohoa.

Padri akauliza nani aliyeweka chachu humu. Si kwa ukali, ila kwa sauti ya mtu aliyekuwa karibu kumwandikia askofu. Wanawake wakarudi kwenye viatu vyao. Vaya aliacha kucheka. Nilimwona uso wake unavyoanguka, kwa sababu sasa alielewa kwamba mrihani wake haukufanya kitu, au huenda haukufanya kitu, na kwamba ameshindwa hata kwenye kushinda.

Ndipo kinyunga, palepale kwenye ngazi, mbele ya magoti yake, kikatoa povu. Povu likakua kama kichwa cha mtoto, likapasuka, pakabaki shimo, na ndani ya shimo ufunguo. Na uzi wake mweusi.

Zambeta akapeleka mkono shingoni. Hapakuwa na kitu.

Mimi nilifikiri ardhi itapasuka. Vaya akauchomoa ule ufunguo, akaufuta kwa aproni yake, akaunyoosha kwa mama mkwe wake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba si wake, mama, unga haukuumuka kwa mkono wake.

"Na mimi unadhani wangu uliumuliwa na nini?" akasema Zambeta. Akajivuta mdomo kwa kidole akatuonyesha lile pengo ambalo miaka yote alituambia ni teke la nyumbu. "Mama mkwe wangu alipoteza pete yake ndani ya kinyunga changu. Niliipata kwa jino, Jumapili, mezani, mbele ya wageni. Nikaimeza nikanyamaza. Weka ufunguo shingoni, mtoto, mkono unaniuma na hili koleo."

Padri alikuwa amefungua kinywa. Nilijua kinachokuja, atataja udanganyifu, atataja mrihani wa Msalaba uliodharauliwa, na ningekuwa mimi wa kwanza kutubishwa. Basi nikawahi.

"Baba, yule mwanamke wa Injili, aliyeficha. Aliitwa nani?"

Akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, Padri Anestis, alifikiri kabisa.

"Hakutajwa," akasema.

"Na Bwana hakumjua?"

Akamtazama mke wake, aliyekuwa bado anahesabu mawingu. Akatazama lile jani mkononi mwake, akalitia mfukoni.

"Washeni matanuri," akasema. "Yote."

Tulioka siku ile mpaka kuni zikatuomba msamaha. Kila nyumba ilipata, na kijiji cha chini kikapata, hata wale waliotuibia kengele ya kanisa. Mikate mingine ilikuwa na manyoya kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Vaya aliuvaa ufunguo ule akazaa watoto, akamzika mama mkwe wake, akimlilia kuliko walivyomlilia mabinti wa damu, kisha akamzika Lambros pia. Mikono yake haikupata joto mpaka leo, lakini mkate wake ndio unaopelekwa kanisani. Na siku moja alimwuliza Padri Anestis kama mrihani peke yake unaweza kuumua unga. Mzee akamwambia hajui, kwa sababu katika Lithari haujawahi kuachwa peke yake hata mwaka mmoja. Mimi naamini unaweza. Lakini mstari wetu hausemi mwanamke alikaa akangoja. Unasema alificha, na ninavyouona mimi, ufalme ndivyo unavyokwenda, kila mmoja ananyata na donge lake akidhani yuko peke yake.

Mwaka huu mjukuu wa Vaya ameoa msichana wa mjini, binti mzuri, kucha ndefu, aliyeuliza kama chachu hutolewa kwenye pakiti. Vaya akamkazia uso wa Zambeta, akamwambia mbele yetu sote kwamba kisipoumuka atalisha mbuzi. Binti wa watu akafika uani kwangu midomo inamtetemeka.

Basi nikachukua donge langu. Kupitia dirisha la kuku siwezi tena, nilipita mlangoni. Nikafunua, nikazamisha, nikakanda. Ndipo nikasikia viatu nje, na magoti yangu haya yakakumbuka njia. Nikalifikia pipa, nikapandisha mguu mmoja, nikainama kutazama ndani.

Pipa lilikuwa na mtu. Unga mpaka kwenye viwiko, ufunguo shingoni, na bega limeanza kutetemeka.

"Sogea," nikamwambia.