Trela Moja na Mama Mkwe

Mdogo wangu, ambaye ukimbizi ulimpeleka Australia wakati ule ule ulipotuleta sisi Texas, alinitumia picha za safari yake. Gari lao lilikuwa linavuta trela yenye vitanda na jiko. Katika picha moja watoto wake wamesimama kwenye udongo mwekundu usio na mti wala nyumba. Katika nyingine wako kwenye msitu mbichi unaodondosha maji. Nilizitazama wakati wa mapumziko pale ghalani ninapofanya kazi. Mimi ni mtu asiyetulia. Tangu nilipovuka mto Ruzizi nikikimbia vita, nikiwa kijana, sijakaa mahali popote nikaacha kuwaza barabara inayotoka hapo. Jioni nikamwambia mke wangu na sisi tukodi trela, twende baharini kisha jangwani, hapa hapa Texas.

Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Sharti lake lilikuwa tupitie Houston tumchukue mama yake.

Nilielewa. Mama mkwe wangu alikuwa amebaki peke yake katika apatimenti ya mtaa wa Sharpstown, ghorofani, tangu kitindamimba wake alipooa na kuhamia jimbo lingine. Magoti yake yalishaanza kukataa ngazi. Mke wangu, huku kwetu Grand Prairie, anatunza wazee, na mara nyingi alirudi nyumbani akisema anaosha mama za watu huku mama yake hana wa kumpa maji. Tulikuwa tumemwomba sana aje akae kwetu. Jibu lake halikubadilika: hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe.

Kwa watu wa kwetu hilo si jambo la kubishania. Mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kupeana nafasi. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama akiwa na neno kwangu humpitishia binti yake, hata kama nimesimama hapo hapo. Si chuki. Kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuna mtu aliyenisalimia kwa heshima kama yeye, akiwa ameinamisha kichwa na kutazama ukuta.

Hesabu ya mke wangu ilikuwa rahisi: mama akiweza kulala ndani ya trela na sisi sote, nyumba yetu haitamshinda. Wala hakuficha. Alimwambia kwenye simu, na mama akajibu kwamba bahari angependa kuiona.

Tulipofika Sharpstown, alishuka ngazi pole pole, akishikilia ukuta, wajukuu wakimbebea sufuria na unga wa muhogo. Aliizunguka trela yote, kisha akamuuliza binti yake mlango wa pili uko wapi. Haukuwepo. Akapanda gari, akakaa nyuma ya kiti changu.

Tuliegesha karibu na bahari, Galveston, kwenye joto linalonata mwilini kama shati lililoloa. Giza lilipoanza kuingia, mama alikuwa bado nje kwenye kiti cha kukunja, mkoba mapajani. Mke wangu alimbembeleza, akamwonyesha kitanda chake na pazia la kitenge alilolifunga katikati.

“Ambia mukwe asijisumbue,” mama alisema. “Mi nitalala hapa kwa kiti.”

Basi nikamwachia trela, nikachukua mto nikaenda kulala ndani ya pikapu inayoivuta. Mvua ilinyesha, mbu wakaingia na mimi. Asubuhi mzee mmoja Mzungu wa trela ya jirani alinigongea kioo, akanipa kikombe cha kahawa, akaniambia kwa upole kwamba hata yeye mkewe aliwahi kumfukuza, kwa sababu ya mashua, na kwamba hasira huisha. Nilimshukuru. Ningeanzia wapi kumweleza?

Nilipowasimulia, wasichana wangu walicheka kwa Kiingereza mpaka San Antonio. Mama alitaka kujua wanachekea nini, na alipoambiwa akacheka pia, amejifunika uso kwa kitenge. Nilimwona kwenye kioo, nikarudisha macho barabarani haraka.

Mke wangu hakucheka. Tulipokuwa tunajaza mafuta aliniambia kwamba safari imeshindwa. Mama atarudi kwenye ngazi zake, na siku akianguka tutapigiwa simu na majirani.

Baada ya San Antonio ardhi ilianza kukauka. Miti ikawa vichaka, vichaka vikawa mawe. Barabara ilinyooka mbele mpaka ikayeyuka kwenye joto. Mke wangu alisinzia pembeni yangu, wasichana wakalala nyuma.

“Mukwe.”

Hakuwahi kuniita mwenyewe. Nilikaza macho mbele.

“Naam, mama.”

“Usisinzie.”

“Sisinzii, mama.”

Akasema kwamba hapa hata mbuzi angelia. Halafu akaendelea kuongea. Aliniuliza habari za kazi, na kwa nini sipendi kukaa. Aliniambia marehemu mume wake naye alikuwa hivyo, akisikia kuna soko mahali lazima akalione. Nikamjibu yote. Nilikuwa nimempa mgongo, na barabara ndiyo iliyokuwa inanitazama. Hakuna heshima iliyovunjika.

“Kule kwenu,” akasema baadaye, “gari inalala wapi?”

“Ndani ya gereji, mama.”

“Hiyo gereji iko na mlango yake?”

“Iko. Inatokea nje.”

“Na paa?”

“Paa lake ni la pembeni, liko chini kidogo ya lile la nyumba.”



“Gari inaweza kulala inje,” alisema. “Gari haina mukwe.”

Mke wangu alifumbua macho akauliza nani alikuwa anaongea.

“Naongea na barabara,” mama alisema.

Alihamia gerejini kabla ya baridi. Tulijenga ukuta mahali pa lango la gari, tukaacha mlango wa pembeni, tukaweka choo na dirisha. Pikapu inalala nje, na mvua ya mawe imeshaitoboa rangi. Nyumbani bado ananitumia ujumbe kupitia wajukuu, nao wananifikishia kwa Kiingereza. Lakini Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, hutoka kwenye mlango wake na mkoba, akasimama karibu na pikapu, upande wa nyuma, mpaka nitafute funguo. Tunaenda Cedar Hill, siku nyingine mbali zaidi. Hasemi kitu mpaka tuingie barabara kubwa.