Kuku wa Kukombolea Kibanda

Niliusikia mnyororo kabla sijaona chochote. Nilikuwa bafuni, bafu letu la mabati nyuma ya nyumba pale Visiga, sabuni machoni, maji yamebaki nusu ndoo, na ule mlio ukaja: chuma kikikwaruza changarawe, kikinyamaza, kikikwaruza tena. Niliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mama yake. Ulikuwa mnyororo wa usalama wa tela letu, ule uliomzidi mwenzake kwa pete mbili, ambao kila siku nilisema nitaukata na kila siku niliuacha.

Nikatoka mbio na khanga, povu likinichuruzika shingoni. Pikapu ilikuwa imeshafika kwenye kona ya duka, na nyuma yake kibanda chetu cheupe kinayumba kidogo, kama bibi harusi aliyevaa viatu vya kuazima. Rafiki yangu akatoa kichwa dirishani.

"Mtani, nakuibia!" akapaza sauti. "Nyie Wazaramo endeleeni kuoga!"

"Beba, ndiyo kazi yenu Wanyamwezi tangu enzi!" nikamjibu. "Ukichoka utakirudisha!"

Majirani wakacheka. Mwenye duka akapiga makofi. Mimi nilicheka kuliko wote. Nimeandika sentensi nyingi kuhusu asubuhi ile na kuzifuta, lakini hii haifutiki: nilicheka, na nikampungia mkono.

Ningefanya nini? Mtani hupewa ruhusa ambayo ndugu wa damu hapewi. Bibi yangu alipofariki, rafiki yangu huyohuyo ndiye aliyejilaza kwenye kizingiti cha mlango akasema maiti haitoki mpaka apewe kitanda cha marehemu, maana Wazaramo hawajui kulala, wanajua kukesha ngomani tu. Mama yangu, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefumbua mdomo, alicheka akalia, kisha akala. Kwa sababu ya siku ile nilimwamini rafiki yangu kwa kila kitu, hata kwa maneno yangu ambayo hayajachapwa.

Kibanda kilitoka kwa mjomba wangu, Kisarawe. Ni kile chumba kidogo cha mabati na plaiwudi ambacho wageni hukibandika mgongoni mwa pikapu ili walale humo safarini: kitanda juu, meza chini, madirisha mawili, mlango nyuma. Wapima ardhi fulani walikiacha kwake zamani, wakaahidi kukirudia, wasirudi. Mjomba akafugia kuku. Nilipokwenda kukiomba alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mpwa wangu, umefukuzwa nyumbani? Unahamia kwa kuku?"

"Nataka kuandikia, mjomba."

"Basi chukua, ni chako. Ila hawa kuku uwaage mwenyewe, mimi siwezi kuwatazama usoni."

Nyumbani kwetu tulikuwa tisa na meza moja. Riwaya yangu niliiandika jikoni, daftari juu ya paja, huku mtu akiniruka kufuata chumvi na mwingine akiniuliza naandika barua kwa nani. Miaka minne niliibeba ile riwaya bila kupata mahali pa kuitua. Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka mlango ninaoweza kuufunga.

Rafiki yangu nilikutana naye kwenye kikundi chetu cha Jumamosi, Kibaha mjini, ambako vijana kumi na kitu tulisomeana miswada na kukosoana bila huruma. Yeye aliandika hadithi fupi, kali, za kurasa mbili tatu, na alizimaliza. Alikuwa na pikapu aliyoachiwa na baba yake. Mimi nilikuwa na kibanda. Mpango ulikuja wenyewe: tungekivuta mpaka Soga, tukae karibu na stesheni wiki nzima, tuandike, kisha Dutumi, kisha popote. Jumamosi tungefungua mlango watoto wa shule waingie kusoma vitabu. Nilikiita "Chumba Kinachotembea". Alipolisikia jina hilo akasema, "Mtani, leo umesema kitu."

Springi za pikapu zilikuwa zimechoka, haziwezi kubeba kibanda mgongoni, kwa hiyo ilibidi kipewe miguu yake. Tulimpelekea fundi wa kuchomelea pale barabarani, mzee mfupi ambaye miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu kizima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu." Akakizunguka kibanda, akakigonga kwa kidole, manyoya ya kuku yakatoka chini ya bati. "Hiki mnataka kukivuta au kukizika?"

"Tutakizika na huyu Mzaramo ndani yake," rafiki yangu akasema. "Ngoma watapiga ndugu zake wenyewe."

"Na jeneza atabeba yeye," nikasema, "maana mabega ya kazi hiyo wanazaliwa nayo."

Fundi alitengeneza chesisi, fremu ya kukalia kibanda, kwa ekseli ya gari bovu, akachomelea mbele chuma cha kukokotea, akatufundisha kuwa tela likizidiwa uzito nyuma hutikisa mkia na kuliyumbisha gari zima. Kwa hiyo tulihamishia pipa la maji mbele, na sanduku la vitabu chini ya meza, mbele ya magurudumu. Tulikwangua mavi ya kuku kwa siku nne. Tulipiga msasa, tukaziba matundu, tukapaka rangi nyeupe. Tulivuta nyaya za taa tukazikosea, tukawa tukiashiria kushoto taa ya kulia inapepesa, na fundi akasema ndivyo wanawake wote wanavyoendesha, rafiki yangu akamfukuza na brashi ya rangi mpaka ng'ambo ya mtaro.

Mlango ulikuwa kazi yangu peke yangu. Ulikuwa umepinda, ukitaka kuufunga uuinue kwa bega. Nilibadilisha bawaba, nikaranda ukingo, nikakata vipande vya mpira wa tairi kuukuu nikavigundisha kwenye fremu kuuzunguka wote. Siku mbili. Mwishowe uliweza kujifunga wenyewe, polepole, kwa sauti ndogo kama mtu anayefunga kitabu. Nilimwita rafiki yangu aje asikie. Aliufungua na kuuachia mara tatu.

"Sasa umemaliza," akasema. "Twende Soga."

"Bado."

Bado, kwa sababu dirisha moja lilivuja. Kisha bado, kwa sababu rafu ilipinda. Kisha mnyororo ulikuwa mrefu. Fundi alikuwa amesema tayari, na wiki tatu baadaye mimi nilikuwa bado naona makosa. Hilo nalikiri.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya povu shingoni.

Jumapili nilisubiri huku nikitabasamu peke yangu. Jumatatu nilimpigia simu, hakupokea, ila akatuma ujumbe: "Mateka wako salama, yuko kwenu Kisarawe." Nikamwonyesha mama.

"Kitu kikichukuliwa na mtani kinakombolewa," mama akasema. "Usiende mikono mitupu, watatucheka ukoo mzima." Akanikamatia kuku jike mwekundu, mnono, akamfunga miguu kwa kitambaa.

Jumanne asubuhi nikapanda bodaboda, nikapitia njia ya Kiluvya, kuku kwapani, nikitunga njiani matusi ya kumtukana. Nilikuwa na matusi mazuri sana. Moja lilihusu wapagazi na mnyororo mrefu. Dereva alinisikia nikicheka akauliza, "Dada, harusini?"

"Nakwenda kukomboa nyumba yangu," nikamwambia, naye akaongeza mwendo.

Kibanda kilikuwa kwenye uwanja wa shule, jirani na kwa mjomba, kando ya turubai la sherehe lenye viti vya plastiki na watu waliovaa vizuri. Sikukitambua mara moja, kwa sababu kilikuwa cha buluu. Ubavuni, kwa herufi kubwa, palikuwa na maneno yangu: Chumba Kinachotembea. Chini yake jina lake, na chini ya jina lake, Mwanzilishi. Rangi ilikuwa imeshakauka. Nikaigusa kwa kidole kuhakikisha. Herufi zile zilichorwa kwa kipimo, na mtu hapangi wageni, turubai na herufi za kipimo kwa siku tatu. Kumbe alipotoa kichwa dirishani na kusema ananiibia, alikuwa ananiambia ukweli, na mimi ndiye niliyekuwa natania.

Mstari wa mbele alikaa mjomba wangu, kofia mpya, shada la maua shingoni. Aliniona akasimama kwa furaha.

"Umefika, mpwa wangu! Nimewaeleza wageni jinsi nilivyokitoa kibanda kwa ajili ya binti yetu huyu."

"Mjomba, ulinipa mimi."

"Wewe, yeye, si mko pamoja?" Akaangalia kuku, akaangalia uso wangu, akapunguza sauti. "Mama, usininunie mbele za watu. Yule ni mtani wako. Mtu hamkasirikii mtani, ni aibu."

Wakati huohuo rafiki yangu alikuwa ameshaniona. Alishika kipaza sauti. "Jamani, mtani wangu huyo, Mzaramo! Amekuja kukomboa kibanda kwa kuku! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Nikajikuta natabasamu, meno yote nje, nikimwinua kuku juu ili waliokaa nyuma wamwone. Katika yote ya siku ile, mikono yangu kumwinua yule kuku ndicho ninachoshindwa kujisamehe.

Alinivuta ndani ya kibanda, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni nyumba. Mlango ukajifunga nyuma yetu kwa ile sauti yangu ndogo. Meza yangu ilikuwa na kitambaa. Juu ya rafu palikuwa na hadithi zake, zimepangwa.

"Mtani, kaa," akasema. "Umependa rangi?"

"Acha utani."

"Aah, Mzaramo amepoteza ngoma yake leo..."

"Nimesema acha. Niambie sentensi moja tu bila utani."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikamwona hana cha kuchezea mdomoni. Aliinama akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana.

"Ungekwenda lini?" akasema mwishowe. "Miaka minne unaandika ukurasa wa kwanza. Kibanda nacho ungekipiga msasa mpaka kiishe. Mimi nimekitoa. Watoto wataingia leo. Hukukitaka hicho?"

"Nilikitaka. Nilitaka kuwemo."

"Ungesema bado."

Ni kweli, ningesema bado. Hilo ndilo lililoniuma: alichukua kasoro yangu niliyomwonyesha kwa mapenzi, akaifanya ufunguo wa kufungulia nyumba yangu.

"Jina langu je?" nikauliza. "Pale nje hapakuwa na nafasi?"

Akafungua mdomo. Nikaona utani ukimjia, nikauona kabisa ukipanda kooni, naye akaumeza. Akanyoosha tena kitambaa. Nje mjomba alikuwa ameshika kipaza sauti anahutubia, watu wakicheka. Na mimi nilijua kwamba nikitoka pale nikalia, nikadai, nikapiga kelele, wote watacheka zaidi, wataniambia nalia vizuri, wataniongezea makofi. Tangu utoto wetu tumefundishwa kuwa jambo la mtani ni kicheko, na yeye alijificha ndani ya kicheko hicho, mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu angekubali kumfuata.

Nikamfungua kuku miguu, nikamweka juu ya meza.

"Nimekomboa," nikasema. "Baki nacho."

"Mtani," akaniita. "Dada. Ngoja."

Hajawahi kuniita dada. Sikungoja. Kuku alitembea juu ya kitambaa hatua mbili tatu, akageuza kichwa, akatazama rafu, dirisha, kitanda, kama aliyerudi kwao. Nikasukuma mlango nikashuka juani, na nyuma yangu ukajifunga wenyewe, polepole, vizuri, kama nilivyoutengeneza.