Ribiti Tatu za Wakoli

Wakoli wa Makongeni akienda kukagua gari, husalimia boneti kabla ya kumsalimia mwenye gari. Wasiomjua humwona hana adabu. Mtu anatoka mlangoni kwake mkono ameunyoosha, tabasamu liko tayari, naye Wakoli anampita kana kwamba ni mlingoti wa stima, anaweka kiganja juu ya boneti na kutulia kama mama anayempima mtoto homa. Boneti ikiwa baridi, ndipo anapogeuka kuamkua vizuri, na watoto wa nyumba hiyo anawaulizia mmoja mmoja. Ikiwa vuguvugu, anarudi alikotoka.

"Gari la kuuzwa likiamshwa kabla mnunuzi hajafika," husema, "ujue kuna kikohozi kinafichwa."

Alikuwa fundi wa bodi kwa miaka thelathini, akinyoosha mabati yaliyokunjwa na walevi wa Barabara ya Jogoo. Magoti yalipogoma aliiacha nyundo, akabaki na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Huipitisha juu ya rangi polepole. Palipo na bati inanata, palipojazwa puti ya kuficha kutu inaanguka. Na kila ikianguka, Wakoli hutoa hukumu ileile, kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani: "Aliyetengeneza hapa alikuwa mwizi."

Kwa sentensi hiyo amepata jina. Mafundi wengi wamefunga vibanda kwa ajili yake, na wanunuzi hawatoi hata shilingi kabla hajasema neno. Yeye mwenyewe, tusifichane, huifurahia. Huwa anavuta pumzi kwanza kabla ya kuitoa.

Basi Jumamosi moja Abdurahim, muuza mapazia wa Eastleigh, alimpeleka Donholm kuona gari la spoti. Abdurahim ana miaka hamsini na kitambi cha kuheshimika, na gari lilikuwa la viti viwili, jekundu, fupi hivi kwamba kuliingia ni kama kuingia kitandani. Lilikuwa limekaa chini ya turubai miaka tisa. Alikuwa amelipenda kabla turubai halijafunuliwa.

"Mzee wangu, ukisema ndiyo, nalichukua leo," alisema. "Ukisema siyo, nitalia kidogo kisha nitakwenda zangu."

"Lia baadaye. Kwanza nishikie taa."

Mwenye nyumba, Triza, mama wa makamo aliyevaa leso juu ya gauni, alisimama na mkono wake hewani huku Wakoli akisalimiana na boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe. Wakoli akageuka, akampa mkono, akaulizia watoto. Yupo mmoja, Jacklyne, anasoma. Baba Jacklyne amestaafu, yuko Siaya na mbuzi wake, na anataka uwanja uwe wazi.

Kazi ikaanza. Wakoli alifungua kifuniko cha oili, akachovya kidole. Nyeusi kama kahawa, lakini haina povu jeupe, maana yake maji hayajaingia kwenye injini. Akanusa tangi: petroli ilinuka vanishi, imekaa mno. Akazifuata nyaya, akakuta panya wamezila upande mmoja. Tairi zilikuwa na meno mazima, na Abdurahim akazisifu, mpaka alipoonyeshwa tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kuzaliwa kwazo.

"Hizi zimezeeka zikiwa bikira," Wakoli alisema. "Gari lililokaa halipumziki, Abdurahim. Linaoza likiwa limekaa."

Akalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kitabu cha umiliki, moja baada ya nyingine, zikawa sawa. Wakaunga betri ya pikapu ya Abdurahim ili wajaribu zile taa za mbele za kuchomoza. Ya kulia ikainuka, ya kushoto ikaendelea kulala.

"Linanikonyeza," Abdurahim alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha.

Ndipo Wakoli akatoa sumaku. Ilinata paani, ikanata milangoni, ikashuka kwenye bati la chini ya mlango wa abiria, na hapo ikaanguka. Abdurahim alikuwa akiingoja hukumu kama mtoto anayengoja pipi. Hakuweza kujizuia, akaitoa yeye.

"Aliyetengeneza hapa alikuwa mwizi! Sivyo, mzee?"

"Mwizi kabisa," Wakoli alisema, akainua zulia la ndani aone kutu imefika wapi.

Sakafuni palikuwa na kiraka cha debe la mafuta ya kupikia, maandishi yake bado yanasomeka. Katikati ya kiraka kulikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa mpira wa kandambili. Na kilishikiliwa na ribiti tatu, vile vimisumari vya kubania mabati, zilizopangwa kama mafiga, moja mbele, mbili nyuma. Katika Eastlands nzima hakuna fundi aliyewahi kuzipanga hivyo isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amepiga magoti hapo akiziangalia.

Akakumbuka yote. Gari lilikuwa la buluu wakati huo. Bwana mmoja anaitwa Otiende alilileta siku ya Alhamisi na arusi ilikuwa Jumamosi. Bati la kweli lilihitaji wiki nzima. Wakoli akamwambia hakuna shida, akakata debe, akapaka puti, akapokea pesa ya bati.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Angeweza kulirudisha zulia akasema gari limeoza, twende. Hukumu ilikwisha kutolewa, tena ya kweli, na hakuna ambaye angejua inamhusu nani. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika pindo la zulia.

"Hapo ni mimi nilitoboa," Triza alisema nyuma yake. "Siku ya arusi. Nikikanyaga tu nishuke kanisani, kisigino kikazama hadi chini. Baba Jacklyne mpaka leo akipata wageni lazima awaambie vile bibi arusi alivunja gari kwa uzito. Miaka ishirini na mbili, mzee. Nimezoea."

Alicheka, lakini alikuwa akiliangalia lile tundu, na Wakoli akaona hajazoea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mama Jacklyne, si wewe," alisema. "Hilo ni debe. Nililipiga mimi. Huyo mwizi ni mimi."

Abdurahim akazima taa bila kujua amezima. Triza alijipapasa mfukoni mwa gauni. Alitoa simu, akampigia Baba Jacklyne, akaweka spika, akamnyooshea Wakoli.

"Otiende, ni Wakoli, fundi wa Makongeni. Ile sakafu haikuvunjwa na bibi. Niliziba kutu kwa debe la mafuta, na ulilipia bati."

Mbuzi akalia huko Siaya.

"Kwani alikuwa kilo ngapi?" Otiende akauliza taratibu.

"Hamsini na mbili," Triza alisema. "Nilikuambia."

Wakoli akamgeukia Abdurahim, akamwekea sumaku kiganjani. "Usilinunue leo. Nitakata hapo mwenyewe, niweke bati, bure. Nikimaliza, utakagua wewe."

Ilimchukua wiki mbili, na magoti yalimlaumu kila siku. Siku ya ukaguzi Abdurahim aliipitisha sumaku mara tatu, polepole, na kabla ya kila mara alivuta pumzi kama alivyoona ikifanywa. Ilinata kote. Kisha Triza akatoka ndani amevaa viatu vyeupe vya visigino virefu, vimekunjika kidogo kwa kukaa sandukuni. Akaingia garini, akakaa, akashusha mguu sakafuni kwa nguvu zake zote. Sakafu ikatulia. Wakoli, aliyekuwa amepiga magoti mlangoni akiangalia, akaanza kuinuka, lakini Triza alimwambia asubiri, akakanyaga tena.